Kufufua Land Rover ya Zamani: Pa Kung'ang'ania na Pa Kuachia

Nyuma ya gereji nyingi za Arusha, Moshi au Nakuru hukosi kukuta Land Rover ya miaka ya 1960 au 1970 iliyopandishwa juu ya mawe, milango imeng'olewa, injini imefunikwa turubai, na mwenye gari hajaonekana kwa muda mrefu. Ukiuliza, utaambiwa kwamba fedha zilimwishia. Huenda ni kweli, lakini magari mengi ya namna hiyo yalikwama kabla ya fedha kwisha, siku ile mwenye gari aliyekuja na shida ya klachi alipoamua kwamba gari lote lirudi upya mpaka nati ya mwisho. Maelezo haya nayaelekeza kwa anayenunua gari kuukuu kwa mara ya kwanza, mwenye ari, mwenye kazi nyingine ya kumlisha, na ambaye angependa kuliendesha gari lake kabla hajazeeka nalo.

Kwanza ni vyema kujua kiwanda chenyewe kilitengeneza kitu gani. Land Rover ilioneshwa kwa umma kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza baada ya vita, na ndiyo sababu bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu huku chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, ikibaki ya chuma. Mapande ya bodi yalifungwa kwa bolti ili mkulima aweze kuyabadilisha mwenyewe. Toleo la pili lilikuja mwaka 1958 na la tatu, ambalo ndilo tunalolikuta zaidi, likatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, lakini tabia hiyo haikubadilika: mlango wa kushoto ulitoka kiwandani ukiwa na mwanya usiolingana na wa kulia, na hakuna aliyejali. Kwa hiyo anayetumia wiki nzima kusawazisha mianya ya milango harudishi gari katika hali yake ya asili, bali anatengeneza jipya ambalo halikuwahi kuwapo. Nasema hivi bila kejeli. Wapo wanaoandaa magari kwa ajili ya mashindano ya unadhifu wa magari yaitwayo Concours d'Elegance katika uwanja wa farasi wa Ngong jijini Nairobi, ambako waamuzi hukagua usafi hadi uvunguni, na huko kazi hiyo ina thawabu yake. Lakini gari la kwendea shambani halihukumiwi kwa kanuni hizo, na ni lazima uamue mapema, tena kwa maandishi, unafufua lipi kati ya hayo mawili.

Ukishaamua, usilegeze kiwango kila mahali kwa usawa. Kosa la mgeni si kutaka ubora wa hali ya juu, bali ni kuutaka kila mahali kwa uzito uleule, kiasi kwamba nguvu zinaisha kwenye taa na viti kabla hazijafika kwenye chesisi. Zipo sehemu mbili tatu ambazo sikubali mzaha wowote, na chesisi ndiyo ya kwanza. Aluminiamu haishiki kutu, hivyo gari linaweza kung'aa kwa nje huku mifupa yake ikiwa imeoza kwa ndani. Chesisi hii ni mabomba ya mraba yaliyo wazi ndani, matope na maji hukaa humo, na uozo huanzia ndani kwenda nje. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, lala chini ya gari, gonga kuanzia boriti ya nyuma, kisha mikono ya pembeni inayobeba bodi, kisha pale springi zinapofungwa: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa na bisibisi huzama. Endelea hadi ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, hasa sakafu ya miguu na chini ya nguzo za milango. Kwa magari yaliyoishi Tanga, Dar es Salaam au Mombasa kagua pia kila mahali ambapo aluminiamu inagusana na chuma, kwa sababu penye unyevu wa chumvi ni aluminiamu inayoliwa, na huacha unga mweupe. Palipooza pakatwe hadi kwenye chuma safi na kiraka cha unene uleule kichomewe. Puti juu ya kutu ni kuahirisha kazi na kuiongezea bei, na fundi anayekushauri hivyo usimpe kazi hiyo hata kama ni hodari kwa injini.

Breki na usukani ni vivyo hivyo. Land Rover nyingi za zamani zina mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo bomba moja likitoboka, kanyagio linafika sakafuni na hakuna cha akiba isipokuwa breki ya mkono. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hula silinda na mabomba kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Hapa badilisha mabomba yote, hozi zote za mpira, na silinda zote za magurudumu kwa mkupuo mmoja, hata zile zinazoonekana nzima. Tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) zenye mchezo nazo zisisubiri mwisho wa mwezi.

Injini, kinyume chake, ndiyo sehemu ambayo watu huifungua bila sababu. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ni sugu sana, na umri wake peke yake si ugonjwa. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto. Zikikaribiana, iache ilivyo. Iliyo chini sana kuliko wenzake itilie mafuta kidogo ya injini kupitia tundu la plagi upime tena: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka, kisipopanda, shaka iko kwenye valvu au gasketi. Kuna hofu moja inayozungumzwa sana, kwamba injini hizi zilizoea petroli yenye madini ya risasi (ledi), ambayo iliondolewa katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na kwamba bila hiyo viti vya valvu, yaani pale valvu zinapokaa zikifunga, vitakwisha. Hofu hiyo ina msingi, ila haihitaji kuifungua silinda hedi leo. Rekebisha mwanya wa valvu kwa milimita 0.25, endesha, upime tena baada ya muda. Valvu ya ekzosi ambayo mwanya wake unazidi kujifunga ndiyo inayokwambia kwamba kiti kinazama, na hapo utakuwa unatengeneza kilichoharibika badala ya kile unachokiogopa.

Kuvuja mafuta nako kunahitaji moyo mpana. Land Rover isiyodondosha tone huenda imeishiwa mafuta. Uliza tone linatoka wapi na linaangukia nini: sili ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ikivuja, mafuta huingia kwenye lainingi za breki, na hiyo ni kazi ya leo, giaboksi ikitoa matone machache kwa usiku, weka kipande cha boksi chini na uangalie kimo cha mafuta mara kwa mara.

Kauli inayoua miradi mingi kuliko kutu ni ile ya "maadamu tumeshafungua". Maadamu tumeshafungua radieta, tutoe na injini. Maadamu injini iko nje, tupake rangi chumba chake. Maadamu tunapaka rangi, tutoe na mbavu za mbele. Kila hatua ina mantiki, na mwisho wake gari liko vipande vipande. Hata hivyo kauli hii si ya kukataliwa moja kwa moja. Giaboksi ikishuka kwa ajili ya klachi, ni uzembe kutobadilisha beringi ya klachi na kutokagua sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu bei yake ni ndogo na kazi ya kurudi pale ni kubwa. Kipimo changu ni hicho: ongeza kazi iwapo kipande ni cha bei nafuu, njia ya kukifikia ni ndefu, na kazi yenyewe inaisha katika juma hilohilo. Ikikosa moja ya hayo, iandike kwenye daftari na ufunge.

Kutokana na hilo, simshauri mgeni avue gari lote hadi chesisi tupu, isipokuwa chesisi yenyewe imeoza kiasi cha kutotengenezeka. Fanya eneo moja, lifunge, liwashe, lisukume hata mita kumi, ndipo ufungue jingine. Piga picha kabla ya kulegeza chochote, na bolti za kila sehemu zikae kwenye mfuko wake ulioandikwa jina, kwani fundi aliyefungua leo anaweza kuwa amehamia mji mwingine siku ya kufunga. Nunua pia spana za inchi. Nati nyingi za magari haya si za milimita, na spana ya 13 inayokaribia kuenea ndiyo inayokula kona zake.

Fundi mlipe kwa hatua iliyokamilika na kujaribiwa, kamwe si kwa siku. Anayelipwa kwa siku hana haraka, na mwenye gari anayebadilisha mawazo kila Jumamosi humpa sababu ya kutokuwa nayo. Rangi iwe ya mwisho, na kwa umbali wa hatua nne ikionekana safi inatosha, mradi chini yake pana praima (rangi ya msingi) inayofaa aluminiamu.

Kabla ya shilingi yoyote kutoka, linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari. Zikitofautiana, maliza jambo hilo kwanza na mamlaka inayosajili magari, yaani TRA kwa Tanzania au NTSA ukiwa Kenya. Na mchomeaji asiguse kwa grainda mahali namba ilipogongwa.

Gari likishatembea, safari za mwanzo ziwe za umbali ambao rafiki anaweza kuja kukuvuta. Kila ukirudi, kaza upya nati za magurudumu na yubolti (bolti zenye umbo la U) za springi, gusa kila habu kwa mkono uone ipi imepata moto kupita wenzake, kagua mafuta ya breki, kisha fungua daftari uchague jambo moja la juma lijalo.