Re: Duka linauza, lakini droo tupu

Pole dada. Duka la vipodozi linauza, mwisho wa mwezi huoni pesa. Kwanza tenga pesa yako na ya duka. Ukichukua 10,000 ya mboga, iandike kama matumizi ya mwenye duka. Si gharama ya biashara, ila inakula mtaji wako.

Halafu, faida si pesa mkononi. Losheni uliyonunua 3,000 ukamkopesha jirani kwa 4,000 imeleta faida ya 1,000 kwenye daftari, lakini droo imetoa 3,000 na haijapokea kitu. Nahisi pesa yako imelala hapo: kwenye madeni na kwenye rafu. Hesabu mzigo kila mwezi, kwa bei ya kununulia.

Ukitaka mkopo wa benki, au makadirio ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) yakikutatiza, tafuta mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu.