Kibo kuna theluji au barafu?

Msomaji wa Moshi anauliza: "Mwalimu wetu anasema theluji na barafu ni kitu kimoja, ila theluji ni neno la vitabuni na barafu ni la mtaani. Ni kweli?"

Si kweli, ingawa asili ya maneno yenyewe inaweza kumpoteza mtu. Theluji imetoka kwenye Kiarabu, thalj. Barafu imetoka kwenye Kiajemi, barf, na huko maana yake ni theluji! Kiswahili kilipoyapokea kiliyagawia kazi. Theluji huanguka kutoka mawinguni, laini, imejaa hewa: ikianguka ya kimo cha sentimita 10, ukaiyeyusha, utapata maji ya sentimita 1 hivi. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, kama ile ya mfuko inayouzwa dukani.

Sasa tazama kichwa cha habari kisichokoma: "Theluji ya Kilimanjaro yayeyuka." Kifupi hivyo, na kina makosa mawili.

Kinachotoweka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni barafu, yaani theluji ya zamani iliyoshindiliwa kwa uzito wake yenyewe mpaka hewa ikabanwa. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita 12 za mraba; kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Theluji yenyewe huja na kuondoka. Mlima ukiamka mweupe baada ya mvua za masika, watu hushangilia kwamba "imerudi". Kilichorudi ni theluji ya jana usiku.

Tena hizi mbili zinategemeana. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Ndiyo shuka ya barafu. Isipoanguka, barafu kuukuu yenye vumbi hubaki wazi, ikanyonya jua, ikaisha. Kwa hiyo wataalamu husema barafu ya Kibo inakwisha, kwa sehemu kubwa, kwa sababu theluji imekuwa haba. Jaribu kuisema sentensi hiyo ukiwa umeamini kwamba maneno haya ni mamoja. Haisemeki, na chanzo cha jambo lenyewe kimefichika.

Na "yayeyuka"? Kuyeyuka ni kuwa maji. Katika hewa kavu ya kule juu, barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja. Kitenzi hicho kimewatia watu hofu kwamba barafu ikiisha mito nayo imekwisha, ilhali maji mengi ya mito ya Kilimanjaro hutokana na mvua ya msituni. Anayestahili kuogopwa ni mkata miti, na kichwa cha habari kimemwacha apite.

Shuka kidogo hadi kwenye lobelia kubwa za mlima huo. Majani yake hukinga maji katikati kama bakuli. Usiku maji ya juu huganda, na utando huo huyazuia ya chini yasigande, chipukizi likasalimika. Huo utando ni barafu. Ukiuita theluji, msomaji ataona kitu kilichoanguka toka juu, na ufundi wote wa mmea umepotea.

Mshairi na aseme theluji ya Kilimanjaro, simgombezi. Macho yake yako mbali, yanaona weupe. Anayependa barafuto kwa barafu ya mlimani, sawa pia. Lakini mwandishi wa habari aandike: "Barafu ya Kibo yazidi kupungua."