Michoro 14 ya manunuzi kwa nchi tatu: pa kuanzia

Mkuu, umesema kampuni ina matawi Kenya, Tanzania na Uganda, na mchakato wa kununua hadi kulipa una michoro 14, kila tawi likidai wake ndio halali. Usikimbilie kuchora upya. Orodhesha kila mahali michoro inapoachana, kisha uliza tofauti hiyo imeletwa na nini.

Tofauti ya namba si mchakato mpya. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni 16% Kenya, 18% Tanzania na Uganda. Kodi ya zuio (anayoikata mlipaji kabla ya kumlipa muuzaji) kwenye huduma za mkazi ni 5% Tanzania, 6% Uganda. Ziwekeni kwenye jedwali moja: nchi, aina ya malipo, kiwango, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Safu za tarehe msiziruke. Kenya iliposhusha zuio la VAT kutoka 6% hadi 2% mwaka 2019, aliyeandika 6 ndani ya mchoro alikuwa na kazi ya kuisaka nakala kwa nakala.

Tofauti ya hatua ndiyo ya kuchorwa, na hapa viwango huwapoteza watu. Kwa vile Tanzania na Uganda zote ni 18%, wanazitia kapu moja. Lakini mhasibu wa Dar anakagua risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), wa Kampala ankara ya EFRIS, wa Nairobi ya eTIMS (hizi mbili ni mifumo ya ankara za kielektroniki ya mamlaka za kodi). Mchoro mkuu uwe na kisanduku kimoja, "hakiki hati ya kodi", na ndani yake kila nchi iwe na hatua zake. Sharti ni moja: kote iingie hati na namba ya LPO (oda ya ununuzi), itoke "imekubaliwa" au "irudishwe kwa muuzaji" na sababu. Tawi likijiongezea "isubiri", ankara hiyo haina pa kwenda nje ya kisanduku, na muuzaji ataanza kupiga simu.

Wengine hurundika almasi (alama za maswali ya uamuzi) za "je, ni Kenya?" kwenye mchoro mmoja. Maswali matano ya ndiyo au hapana yanaweza kuzaa njia 32. Nani atazijaribu zote?

Yaliyobaki ni mazoea, kama saini ya tatu iliyowekwa kwa ajili ya meneja aliyekwishaondoka. Anayeitetea alete kifungu cha sheria, mkataba au hatari inayotajika, akikosa, ifutwe. Vita viko hapa, na mchambuzi peke yake haviwezi. Uamuzi awe nao mkuu wa manunuzi wa kampuni nzima.

Kila tofauti iliyosalimika ipewe msimamizi anayetajwa kwa cheo, na mapitio kila Julai, maana mwaka wa fedha wa serikali zote tatu huanza tarehe 1 mwezi huo.