Cartagena hadi Panama kwa tanga: mtafute nahodha kabla ya kuuliza bei

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama wiki mbili zinatosha kuiona Cartagena ya Kolombia kisha kuvuka kwa mashua ya tanga hadi Panama kupitia visiwa vya San Blas, na kama mwenye pasipoti yetu anapita bila shida. Zinatosha, na utapita ukijiandaa. Njia hiyo nimeipita na begi langu mgongoni. Mimi ni mtoto wa Funguni, Unguja, nimekua nikiangalia majahazi yakipakua, kwa hiyo utanivumilia nikikaa zaidi kwenye habari ya bahari. Huko ndiko wasafiri wengi wanakopotezwa na picha za matangazo.

Watu hupita baharini kwa sababu kati ya Kolombia na Panama hakuna barabara. Ile barabara kuu inayoteremka kutoka Alaska hukatika kwenye msitu wa Darién, karibu kilomita 100 za vinamasi na milima. Wahamiaji wengi wamefia humo na magenge yenye silaha yanaishika njia, basi usiwaze hata kidogo kupita kwa miguu. Inabaki ndege, au tanga.

Cartagena ipe siku nne au tano. Joto lake ni la Dar mwezi wa Februari, ila huko ni mwaka mzima, kwa hiyo tembea asubuhi na jioni, mchana tafuta kivuli. Wenye mabegi wengi hulala Getsemaní, mtaa ulio nje kidogo ya mji mkongwe wa ndani ya ngome. Lipia chumba chenye kiyoyozi hata kama ni cha vitanda vingi, maana feni peke yake haitakupa usingizi. Teksi patana bei kabla hujafungua mlango. Chakula kitafute soko la Bazurto mchana, ukiwa na mwenyeji na simu yako ikiwa mfukoni: samaki wa kukaanga, ndizi mbichi zilizopondwa na kukaangwa, na wali wa nazi. Wali wao si kama wetu. Tui hupikwa mpaka likauke, litoe mafuta na kugeuka kahawia, ndipo mchele utiwe, na unatoka na utamu fulani. Nilikuwa naurudia kila siku.

Sehemu moja usiipite kwa haraka. Ukiingia kwenye lango la mnara wa saa unatokea Plaza de los Coches, uwanja mzuri wenye baraza na wauza peremende. Hapo ndipo walipouzwa watu waliovushwa kutoka Afrika, na Cartagena ilikuwa moja ya bandari kubwa za biashara hiyo katika makoloni ya Hispania. Mtu aliyekulia karibu na Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa la Unguja, hawezi kusimama pale akala peremende tu. Ukipata siku, panda gari hadi San Basilio de Palenque, kama kilomita 50 hivi. Ni kijiji cha kizazi cha watumwa waliotoroka wakiongozwa na Benkos Biohó, ambaye Wahispania walimuua mwaka 1621. Wazee wa pale bado wana lugha yao yenye mizizi ya Kikongo. Wale kina mama wanaouza matunda mjini kwa magauni ya rangi kali, wengi asili yao ni huko. Ukitaka kuwapiga picha, nunua tunda kwanza.

Sasa bahari. Kutoka Cartagena hadi visiwa vya kwanza vya San Blas ni takriban maili 200 za bahari, yaani usiku mmoja, mchana mzima na usiku mwingine hivi, bila kuona ardhi. Baada ya hapo ni siku tatu za kuruka kisiwa hadi kisiwa kwenye maji yaliyotulia nyuma ya miamba. Bei mara nyingi huwa kati ya dola 500 na 700 za Marekani, chakula ndani. Anza upande wa Cartagena. Upepo mkuu wa huko hutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo ukienda Panama unasukumwa nao kutoka tezini au ubavuni, lakini ukitoka Panama mashua inabisha njia nzima na abiria wanatapika njia nzima. Na kama tarehe ziko mikononi mwako, kimbia miezi ya Desemba hadi Machi. Ndio msimu wa kiangazi, matangazo yanausifu, lakini ndio msimu ambao upepo huvuma kwa nguvu zaidi na bahari ya Kolombia inakuwa ya kutisha hasa.

Hosteli zitakuonyesha orodha ya mashua na bei. Usilipe bado. Omba uende mtaa wa Manga zinapotia nanga, uonane na nahodha uso kwa uso. Muulize abiria wangapi na vitanda vingapi, jaketi za kujiokolea ziko wapi, kama kuna chelezo cha dharura na kifaa cha kuita msaada kwa satelaiti, na nani atashika usukani yeye akilala. Nahodha mmoja nilipomuuliza habari ya jaketi alinionyesha picha za kamba kochi kwenye simu yake. Nikamshukuru nikaondoka. Niliyesafiri naye alinifungulia kabati, akanivalisha jaketi, akanitajia zamu za usiku na kuniambia kwamba pombe kwake ni marufuku mpaka nanga itiwe. Tazama kamba zimekunjwaje na chini ya sakafu kuna maji kiasi gani. Hayo hayahitaji utaalamu, na hayadanganyi. Tofauti ya dola 50 kati ya mashua na mashua isikushughulishe kabisa.

Dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kung'oa nanga, si baada ya moyo kuchafuka. Vyumba vya chini vina joto, na ukianza kuumwa panda juu ukaangalie upeo wa macho. Nguo zako zote tia kwenye mifuko ya plastiki ndani ya begi, maana maji ya chumvi hupenya kila mahali.

San Blas, wenyeji wake wanaiita Guna Yala, na ni nchi ya Waguna kwa maana halisi. Mwaka 1925 waliasi baada ya polisi wa Panama kuwakataza wanawake mavazi yao na kuwavunjia mila, na leo wanajitawala katika mambo yao: ardhi haiuzwi kwa mgeni, na kila kijiji kina sahila, kiongozi wao. Mnazi unaouona kwenye kisiwa kisicho na mtu una mwenyewe, usiokote nazi. Kuzamia kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwa, miwani na mrija vinatosha. Picha za watu ni kwa ruhusa, mara nyingi na dola moja. Nunua mola kutoka kwa aliyeishona, ile kazi ya vitambaa vya tabaka tabaka vinavyokatwa na kushonwa kwa mkono, na usimkandamize bei. Kati ya Machi na Mei ukiletewa kamba kochi, kataa, ni miezi waliyoifunga ili wazaliane. Kwenye visiwa hivi utaona pia jinsi maji yalivyo karibu na milango ya nyumba. Mwaka 2024 familia karibu 300 za kisiwa cha Gardi Sugdub zilihamishiwa bara, na bahari ndiyo iliyowahamisha.

Kuhusu pasipoti: wenzangu wa Ulaya waligongewa mhuri tu, mimi niliulizwa kila karatasi. Ziandikie balozi za nchi zote mbili mapema, na visa ya Panama uwe nayo kabla ya kupanda, kwa sababu nahodha hatambeba mtu atakayekataliwa ng'ambo. Kadi ya homa ya manjano ibebe, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Pasipoti hukusanywa na nahodha au wakala wake ili zigongwe mhuri wa kutoka Kolombia. Ikirudi mikononi mwako, ifungue uutafute mhuri huo. Mzigo wa mtu usiukubali hata ukiwa bahasha, mashua hizi hupekuliwa.

Visiwani hakuna mashine ya kutolea pesa. Beba dola za noti ndogo, na ubakishe za kulipia gari la kutoka Cartí, kituo cha bara mnakoshukia, hadi Panama City, kama saa tatu za milima na kona. Panama hutumia dola hizohizo, kwa hiyo peso zako zimalize Cartagena.