Makaburi ya Green-Wood, Brooklyn: enda tu, lakini vaa raba

Kwa yule dada wa Kisumu aliyeuliza kama ni mkosi kutembelea makaburi ya New York na ako na siku moja tu ya kuzunguka, mimi nilienda mwaka jana nikiwa kwa binamu yangu na nakwambia enda. Mimi ni wa Kakamega, kwetu kaburi ya babu iko hapo kwa migomba, unaipita ukienda kuteka maji na hakuna mtu anashtuka. Ni makaburi ya mjini ndio hutuogopesha. Kwa hivyo binamu aliposema twende tukapunge hewa makaburini nilimuuliza tunazika nani.

Unashuka treni ya R stesheni ya 25th Street, unapanda kidogo tu unaona lango, limechongoka kama kanisa la kizungu la zamani, na huko juu ni kelele tupu. Kasuku! Wa kijani, asili yao Amerika Kusini, wamejaza viota vya vijiti kwa minara na ile baridi yote wameizoea. Nilisimama hapo karibu robo saa shingo ikiuma.

Kuingia ni bure. Ni ekari 478, vilima, vidimbwi, miti mizee, barabara zinazojipinda. Walianza 1838, Central Park, ile bustani kubwa ya mji, haijakuwa, so watu wa mji walikuwa wanakuja na magari ya farasi kustarehe. Lakini mbwa, baiskeli na kukimbia mazoezi hawataki. Matajiri wamejengewa vijumba vya mawe na milango ya chuma, vingine naapa vinashinda bedsita yangu ya Section 58, Nakuru.

Panda Battle Hill, Waamerika na Waingereza walipigania hapo 1776 kwa vita vya uhuru, kuna sanamu ya Minerva, mungu wa kike wa Warumi wa kale, ameinua mkono akisalimia ile Sanamu ya Uhuru ng'ambo ya maji. Mimi nilipanda na viatu vya ngozi vya kanisa, malengelenge mawili.

Kaburi ya Basquiat, yule mchoraji aliyekufa 1988 na miaka 27, tulipita mara mbili bila kuiona, ni kajiwe kadogo kwa safu na wengine, chini ya jina wameandika ARTIST basi. Watu wameacha brashi, kalamu, rangi iliyokauka. Binamu akatoa biro kwa mfuko akaweka, hakusema kitu.

Beba maji. Na mama aliipenda sana ile picha yangu ya kilimani, ameiweka sebuleni, bado sijamwambia nilipigiwa wapi.