Pokhara mwezi wa Aprili: mbona mji wa milimani una moshi?

SWALI: Mtaalamu, salaam aleikum. Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi yangu iko Doha. Mwenzangu wa kazini ni Mnepali, kwao Pokhara, na ametualika mimi na mke wangu. Likizo naweza kuichukua mwisho wa Oktoba au niisogeze hadi katikati ya Aprili mwakani. Mke wangu ana pumu, tukafurahi kwamba tunakwenda kuvuta hewa ya mlimani. Sasa wiki hii nimefungua programu ya simu inayoonyesha ubora wa hewa: Pokhara 124, rangi ya chungwa. Programu ya Kihindi aliyonayo mwenzangu inasema 75, rangi ya kijani, saa ileile. Yeye anacheka tu, anasema moshi ukizidi tutapanda juu. Nimwamini nani?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na hizo namba, maana kwa kweli hazigombani.

Kinachopimwa hapo ni PM2.5, chembe za moshi na vumbi zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Uzito wake hutajwa kwa mikrogramu katika kila mita ya ujazo ya hewa, kisha kila nchi huugeuza kuwa alama kwa mizani yake. Mizani ya Marekani hufika 100 hewa inapokuwa na mikrogramu 35 hivi. Ya India hufika 100 kwenye mikrogramu 60. Nimezirudisha namba zenu nyuma: 124 kwa mizani ya kwanza na 75 kwa ya pili, zote zinaangukia mikrogramu kama 45. Hewa ni ileile. Na kwa kuwa Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka wastani wa saa 24 usizidi 15, ile rangi ya kijani isimpumbaze mtu mwenye pumu.

Tazama pia programu imeitoa wapi namba yake. Nyingine husoma mtambo uliofungwa mjini, nyingine hukadiria tu kwa kompyuta. Mfumo wa Ulaya uitwao CAMS, kwa mfano, hukadiria hewa ya dunia nzima kwa miraba ya takriban kilomita 40. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kulimeza Ziwa Phewa, lililo chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, pamoja na kilele cha Machhapuchhre chenye mita 6,993. Wastani wa mahali pawili kama hapo haumwambii kitu mtu aliyekaa ufukweni mwa ziwa.

Sasa hilo la mlimani. Picha za Pokhara hudanganya macho, kwa sababu theluji iko nyuma ya mji, haiko mjini. Mji wenyewe uko mita 800 na kitu, chini kuliko Arusha, chini sana kuliko Nairobi. Ni bonde. Kaskazini limezibwa na ukuta wa milima ya Annapurna, na kusini, ng'ambo ya vilima, kuna tambarare ya mto Ganges yenye mamia ya mamilioni ya watu, matanuri ya matofali, magari na majiko ya kuni. Mchana jua likipasha miteremko, upepo hupanda mabondeni kutoka huko chini na kubeba kila kilichomo. Ukifika kwenye ukuta, hauna pa kwenda.

Machi hadi Mei ndio wakati mbaya zaidi, na hapo Nepal yenyewe huongeza moshi wake. Majani makavu ya misonobari aina ya chir hurundikana chini na kushika moto upesi. Wengine huwasha makusudi ili nyasi mpya za mifugo zichipue, na moto ukawashinda. Wakati huohuo mabua ya ngano huchomwa tambarare. Ukubwa wa balaa hutegemea mvua za kipupwe: zikikosekana, misitu huwa mikavu mapema. Ndivyo ilivyokuwa 2021, na mwishoni mwa Machi serikali ya Nepal ikafunga shule nchi nzima kwa siku nne kwa sababu ya hewa.

Kinachoisafisha Pokhara ni mvua, na inapata nyingi ajabu, karibu milimita 3,900 kwa mwaka, sehemu kubwa kati ya Juni na Septemba. (Wewe wa Mombasa unaijua kusi, ni sehemu ya mfumo huohuo wa monsuni, ingawa unyevu wa Nepal huingia hasa kutoka Ghuba ya Bengal.) Mvua ikikatika, mwanzoni mwa Oktoba, udongo bado una maji, msitu haushiki moto, na vilele huonekana tangu alfajiri. Hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa. Novemba moshi wa mabua ya mpunga kutoka Punjab na Haryana, majimbo ya India, huanza kusambaa tambarare, na kuanzia Desemba asubuhi za baridi huleta shida nyingine: hewa vuguvugu hukaa juu ya hewa baridi kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa majiko na taka hubaki bondeni hadi jua likolee.

Rafiki yako amesema kweli nusu. Desemba na Januari, ukipanda mita mia chache hadi kilima cha Sarangkot unaweza kutoka juu ya kile kifuniko na kuuona ukungu chini yako. Aprili hesabu hiyo haifai, kwa kuwa joto huinua moshi kilomita kadhaa. Kituo cha utafiti cha Pyramid, karibu na Everest, kwenye mita 5,079, kimewahi kunasa moshi huo wa tambarare, hasa katika miezi hii, na hasa alasiri pale upepo wa bondeni unapofika juu.

Kwa hiyo chukueni Oktoba. Mwulize tu mwenzako sikukuu za Dashain na Tihar zinaangukia lini mwaka huo, maana tiketi hupanda.

Mkilazimika Aprili, fuateni mvua. Alasiri za majira hayo ngurumo na mvua ya mawe hutokea mara kwa mara Pokhara, na asubuhi inayofuata hewa huwa imeoshwa. Hiyo ndiyo ya kutembea. Siku kavu, subirini saa nne au tano ya asubuhi moshi wa bondeni upungue. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Nunueni barakoa ya N95 inayobana vizuri puani. Dawa za pumu mke wako azijadili na daktari wake kabla ya safari, na inhela asiiweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Kutoka Kathmandu, ndege huchukua chini ya nusu saa, lakini ukungu mkavu wa Aprili huweza kuichelewesha kwa saa nyingi. Njia ya pili ni barabara ya Prithvi, kilomita 200 hivi, yenye vumbi kali wakati wa kiangazi. Wakati wa kurudi, acheni siku nzima kati ya kutoka Pokhara na ndege yenu ya Doha.