Kuongeza betri hakuongezi umeme

SWALI: Mhandisi, nina kibanda cha vinywaji na kinyozi kijijini, wilaya ya Manyoni. Nimefunga paneli moja ya wati 300, betri ya N100 (ampea-saa 100), kontrola ya chaji ya ampea 30 na inveta ya wati 1000. Ikifika saa tatu usiku inveta inalia, friji langu la wati 120 linazima. Betri ina miezi saba tu. Fundi anasema niongeze ya pili. Jua huku tunalo la kumwaga, sasa tatizo nini?

JIBU: Usiinunue hiyo betri. Betri ni pipa. Mvua ikiwa chache, hata ukipanga mapipa kumi chini ya paa maji ni yaleyale.

Tuhesabu kwa uniti, kama za luku; uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Mota ya friji hilo, kwa joto la huko, huzunguka karibu nusu ya siku: uniti 1.4. Mashine mbili za kunyolea, simu ishirini za wateja na taa nne za LED: uniti 0.6. Inveta nayo inakula chake hata friji likiwa limetulia. Jumla unahitaji kama uniti 2.4 kwa siku. Paneli yako, kwa saa tano za jua kali, ukitoa robo inayopotea kwa joto, vumbi na nyaya, inaleta uniti 1.1. Hapo ni ikiwa imefungwa sawasawa.

Na nina wasiwasi haijafungwa sawasawa. Soma lebo nyuma ya paneli. Kama Vmp, yaani volti za paneli ikitoa nguvu zake zote, ni volti 31 au 32 na kontrola ni ya PWM, zaidi ya nusu ya umeme hauingii kabisa, kwa sababu PWM huishusha paneli hadi volti za betri. Paneli hiyo hutoa ampea 9 hivi, na ampea 9 mara volti 13 ni wati 117. Ziko wapi 300? Kontrola ya MPPT ndiyo hugeuza volti za ziada kuwa ampea, lakini usiamini maandishi ya MPPT juu ya kasha; kontrola nyingi za bei ya kutupa ni PWM ndani. Saa sita mchana, betri ikiwa haijajaa, bana klampu mita ya DC kwenye waya unaotoka kontrola kwenda betri. Ukisoma zaidi ya ampea 15, ni MPPT. Zikigoma kwenye 9, umeuziwa kasha.

Sasa funga betri ya pili kwenye mfumo huo. N100 hutaka kuchajiwa kwa ampea 10 hivi. Wewe una 9, friji linachota humohumo, kinachobaki zigawane mbili. Hazitajaa hata siku moja, na betri ya risasi isiyojaa huganda salfeti kwenye plate zake. Ikishaganda, zile "dawa" za kumimina haziirudishi. Usiku ile mbovu inainyonya mpya, na baada ya miezi michache unatupa mbili.

Fanya hivi: uza friji hilo, tafuta la kulala la DC, volti 12. Linakula karibu nusu uniti na halipiti kwenye inveta, kwa hiyo mahitaji yako yanashuka hadi kama uniti 1.4. Ongeza paneli moja inayofanana na ya kwanza, ziunge mfululizo, weka MPPT ya kweli ya volti 100, ampea 40. Hapo utavuna kama uniti 2.2. Zielekee kaskazini zikiinama nyuzi 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi. Betri njoo nazo mwisho: mbili mpya za sola, aina moja, zilizonunuliwa siku moja. Za gari ziache kwenye magari.

Hiyo "jua la kumwaga" ndiyo sentensi inayouza takataka nchi nzima. Kweli, Singida na Dodoma zina jua. Rufiji nayo ilimwaga maji baharini karne na karne, na megawati 2,115 zimekuja baada ya ukuta wa bwawa na mitambo tisa. Biashara ndogo hazikui kwa jua, zinakua kwa uniti zinazofika kwenye mashine, na huko ndiko wajanja wanakopunja. Nenda dukani na futi. Wati 300 halisi haziingii kwenye paneli ya chini ya mita za mraba 1.2. Ile ya sentimita 120 kwa 67 haifiki wati 200, hata ikiandikwa 400. Pima hapohapo dukani, maana ukishaifikisha Manyoni hakuna wa kukurudishia hela.